Hotuba si Karatasi: Walimu Tujifunze Kusikiliza

Yako mambo ambayo mtu huweza kuyafundisha maisha yake yote bila kuyatenda hata siku moja. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Kwa muda wa miaka 27 nimewafundisha vijana wa shule za upili namna ya kuandika insha ya hotuba. Nimewaeleza itifaki, kwamba mheshimiwa mkubwa hutajwa kabla ya mdogo. Nimewaonya wasifungue alama za mtajo wakasahau kuzifunga. Waliosahau kuishukuru hadhira mwishoni nimewaondolea alama za sura bila huruma. Lakini ukiondoa matangazo ya gwaride la asubuhi na maneno mawili matatu ya harusini na matangani, mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kupanda jukwaani kuuhutubia umati wa watu hadi mwezi wa Juni mwaka 2023. Siku hiyo ndipo nilipotambua kwamba nimekuwa mwalimu wa kuogelea ambaye hajawahi kulowa.

Nayasimulia leo yaliyonipata, si kwa kupenda kujianika, bali kwa sababu kosa nililolitenda siku ile ni kosa letu walimu wengi, na wanaoumia kwalo ni wanafunzi wetu.

Shule moja ya upili iliandaa kongamano la Kiswahili kwa watahiniwa wa kidato cha nne. Shule tisa zilialikwa, na wanafunzi wapatao 700 walitarajiwa. Niliandikiwa barua ya heshima nikiombwa nizungumze kwa dakika 40 kuhusu insha za kiuamilifu, hotuba ikiwa mojawapo. Niliisoma barua ile mara tatu. Mtu husifiwa mara chache katika kazi yetu hii, na nisiseme uongo, kichwa kilinivimba.

Kwa wiki mbili nilikesha nikiandika. Niliipamba hotuba yangu kwa methali na misemo, nikaitia "mintarafu" na "fauka ya hayo" kila aya ilipoanza, hata ikafika kurasa 14. Usiku mmoja mke wangu, ambaye ni muuza nguo sokoni, alinikuta nikizihesabu kurasa hizo.

"Baba Neema," akaniuliza, "hayo utayasema au utayasoma?"

Nikamjibu kwamba ni mamoja. Akatikisa kichwa. "Mimi nikimsomea mteja bei kutoka kwenye karatasi, atahamia kwa jirani." Nikacheka, nikaendelea kuhesabu.

Siku ya siku ikawadia. Kongamano lilifanyika katika bwalo la shule, wanafunzi wamebanana kwenye mabenchi tangu saa mbili asubuhi, harufu ya kabeji ya chakula cha mchana ikipenya kutoka jikoni. Wasemaji watatu walinitangulia. Mshereheshaji alipoliita jina langu na kunimiminia sifa nyingine ambazo sikuzistahili, nilisimama nikahisi magoti si yangu. Kijasho chembamba kikanitoka. Maneno hayo ya "kijasho chembamba" nimeyakuta katika insha za wanafunzi mara zisizohesabika, nami nimekuwa nikiyapigia mstari kama maneno yaliyochakaa. Siku hiyo niliyaona ukweli wake yakinishuka mgongoni.

Wataalamu wa afya hutueleza kwamba mwili wa binadamu ukihisi hatari humwaga katika damu homoni iitwayo adrenalini. Moyo hupiga mbio, mate hupungua kinywani, viganja hutoa jasho, na misuli hujitayarisha ama kupigana ama kukimbia. Mwili wenyewe haujui kutofautisha simba wa nyikani na macho 1,400 yanayokutazama. Huandaa mbio ile ile. Tofauti ni kwamba simba unaweza kumkimbia, lakini hadhira sharti uisalimu.

Nikaisalimu. Niliwataja waheshimiwa wote kwa vyeo vyao, kutoka juu hadi chini, na nilipofika kwa wanafunzi ambao ndio walioniita, dakika nne zilikuwa zimekwisha. Kisha nikainama nikaanza kusoma. Karatasi ilitetemeka karibu na kipaza sauti, na mtikisiko wake ukasikika bwaloni kote kama mvua ya manyunyu juu ya mabati. Sikuinua macho. Ukurasa wa tatu nikasikia mvumo wa nyuki kutoka mabenchi ya nyuma. Ukurasa wa tano mvumo ukafika katikati. Nilifanya afanyavyo mwoga yeyote aliye na kipaza sauti, yaani nilisoma kwa kasi zaidi na kwa sauti kubwa zaidi.

Mara stima zikapotea.

Kipaza sauti kikafa. Jukwaa lilikuwa na kiza, hivi kwamba maandishi yangu sikuyaona tena. Nilisimama pale nikiwa na kurasa tisa ambazo hazijasomwa, bwalo zima likinitazama kuona nitafanya nini. Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nilishuka vidato vya jukwaa, nikasimama mbele ya benchi la kwanza, nikawaambia kwa sauti yangu ya darasani kwamba nilipokuwa kidato cha pili nilipata alama 9 kati ya 40 katika insha. Mvumo ukakoma. Nikawaeleza kwamba niliagizwa kumwandikia mkuu wa shule barua rasmi ya kuomba ruhusa, nami nikaimalizia kwa maneno "ni mimi mwanao mpendwa." Bwalo likaangua kicheko, na kicheko kile kilikuwa kitamu kwangu, kwani walicheka nami. Nikawauliza kosa langu lilikuwa lipi. Wakanijibu kwa pamoja. Nikawauliza barua rasmi huishaje. Wakanijibu. Kwa muda wa dakika kumi hivi nilikuwa nawafundisha, nao walikuwa wananifundisha namna ya kuwafundisha.

Kisha stima zikarudi. Je, msomaji, unadhani nilifanya nini? Nilipanda tena jukwaani, nikakishika kipaza sauti, nikarudi ukurasa wa tano pale nilipokuwa nimeachia. Hadi leo sijui kwa nini. Labda kwa sababu nilikuwa nimezitolea jasho zile kurasa 14 na sikutaka zipotee bure. Nyuki nao wakarudi mzingani.

Hayo yote ningeyasamehe, kwa maana kuanguka si aibu kwa anayejifunza kutembea. Yaliyofuata ndiyo yanayonikosesha usingizi.

Ulifika wakati wa maswali. Walimu mnaijua desturi ya makongamano yetu. Maswali huandikwa kwenye vipande vya karatasi, yakakusanywa na viranja, yakasomwa na mshereheshaji. Hakuna anayesimama. Wanafunzi 700 wanaotarajia kupata alama za juu katika lugha ya taifa lao hawathubutu kuuliza swali kwa lugha hiyo mbele ya wenzao. Lakini siku hiyo kijana mmoja katika safu za kati aliinuka. Alikuwa mrefu, sweta limemfupikia mikononi. Akasema, "Mwarimu, nirikuwa na swari."

Kicheko kilichopasuka hakikuwa kile cha kwanza. Waliompa kisogo waligeuka kumtazama. Nami nikatabasamu. Kisha, kwa mazoea ya miaka 27, nikasema ndani ya kipaza sauti, "Swali, kijana. Si swari. Swali."

Kicheko kikarudi maradufu. Yule kijana alisimama kidogo, midomo ikimcheza kana kwamba analipanga upya neno, kisha akasema, "Basi, mwarimu. Asante." Akaketi. Mshereheshaji akachukua kipande kingine cha karatasi, shughuli ikaendelea. Mwishoni nilipigiwa makofi, nikapewa zawadi ya saa ya ukutani. Saa hiyo ninayo sebuleni. Kila ninapoitazama naikumbuka sauti ya yule kijana, na nakumbuka kwamba swali lake sikulisikia.

Nilipokuwa ndani ya matatu nikirudi nyumbani ndipo kisa cha barua yangu kiliponirudia, kile nilichowasimulia wanafunzi gizani wakacheka. Sikuwa nimewasimulia chote. Sikuwaambia kwamba mwalimu wangu aliisoma barua ile kwa sauti mbele ya darasa zima, akiyarudia yale maneno "mwanao mpendwa" mara tatu, na kwamba nilimaliza muhula mzima bila kuinua mkono tena. Nilikuwa nimelisahau jeraha nikabaki na kichekesho. Na saa moja baada ya kukisimulia kichekesho hicho, nikamtia kijana wa watu jeraha lile lile.

Walimu wenzangu, hofu ya jukwaa ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza tumeumbwa nayo, nayo ni hiyo ya moyo kupiga mbio na kinywa kukauka. Hiyo haina dawa ila mazoea. Sehemu ya pili hupandwa, na shamba lake ni darasa. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake *Decolonising the Mind* cha mwaka 1986 jinsi wanafunzi wa zama za ukoloni walivyovishwa kibati shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama shuleni. Desturi hiyo haikuondoka na mkoloni. Wengi wa rika langu tulikivaa kidude cha namna hiyo baada ya Uhuru, tukakipokezana kama mbio za kijiti. Mtoto aliyekulia katika hali hiyo hujifunza jambo moja kwa hakika, kwamba ulimi ni mdomo wa mtego na heri kuufumba. Siku hizi kibati kimetoweka katika shule nyingi, lakini kicheko kimerithi kazi yake. Kicheko hakishikiki, hakina mwenyewe, na mwalimu anaweza kukianzisha kwa tabasamu tu.

Tazama pia jinsi tunavyowapima vijana hawa. Mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne una karatasi tatu za Kiswahili. Ya kwanza ni Insha, yenye alama 40. Ya pili ni Lugha, yenye alama 80. Ya tatu ni Fasihi, nayo ina alama 80. Katika jumla ya alama 200, hakuna hata moja inayotolewa kwa kuusikiliza ulimi wa mtahiniwa. Hata fasihi simulizi, ambayo uhai wake ni sauti, huulizwa na kujibiwa kwa kalamu. Kinyume chake, mwanafunzi wa Kenya aliyechagua Kifaransa huwa na mtihani wa mazungumzo, akaketi na mtahini wakasemezana. Lugha ya wenyewe tunampima kwa ulimi. Lugha ambayo Katiba ya mwaka 2010 imeitaja kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, tunampima kwa wino. Ndiposa utampata kijana aliyejizolea alama za juu katika insha ya hotuba ambaye, ukimwomba amshukuru mgeni wa shule kwa sentensi tatu, atajificha nyuma ya mwenzake.

Mtu atasema kwamba mambo yanabadilika. Ni kweli. Kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 linatarajiwa kufanya mtihani wake mwaka 2027. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini katika madarasa ya chini mwaka 2019, umeitanguliza stadi ya kusikiliza na kuzungumza mbele ya kusoma na kuandika. Mimi naliunga mkono jambo hilo kwa mikono miwili. Lakini mtaala huweza kubadilika vitabuni na kicheko kikabaki palepale darasani. Nani atazungumza ikiwa hakuna aliyefunzwa kusikiliza?

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Tumeizoea hotuba kuwa kitu cha msemaji, kumbe nusu yake ni ya msikilizaji. Lugha yetu ililijua jambo hilo kabla ya shule kujengwa. Mtambaji wa ngano hakuanza kusimulia kabla ya kusikia majibu. Alisema "Paukwa!" akangoja "Pakawa!" Asipojibiwa hadithi haikuanza. Tunawafundisha wanafunzi istilahi za fanani na hadhira, wakazikariri, lakini hatuwaambii maana yake, kwamba fanani bila hadhira inayomwitikia ni mtu anayesema peke yake.

Wakenya wa makamo wanazikumbuka sikukuu za kitaifa za zamani. Rais aliisoma hotuba rasmi kwa Kiingereza, watu wakipepesa macho juani. Kisha akaiweka karatasi kando, akaanza kuzungumza Kiswahili bila kuandikiwa, na uwanja ukaamka. Mzee Jomo Kenyatta alifanya hivyo, Daniel arap Moi akafuata, na Mwai Kibaki vile vile. Yaliyosemwa kwenye karatasi huenda ndiyo yaliyokuwa na uzito wa kiserikali. Lakini waliofika nyumbani jioni waliwasimulia jirani zao yale ya pili, kwa sababu yale ya pili walisemeshwa wao.

Walimu wa fasihi mnaifahamu pia tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Julius Nyerere, mwenyewe msemaji asiye na kifani, aliitafsiri na toleo lake la mwaka 1969 likaitwa *Juliasi Kaizari*. Humo wasemaji wawili wanauhutubia umati ule ule, siku ile ile, kuhusu kifo kile kile. Brutus anatoa sababu zilizopangika, anashangiliwa, anaondoka zake. Antony hana haraka. Anawatazama watu, anawauliza maswali, anashindwa na machozi akanyamaza, anashuka jukwaani hadi penye maiti na kuwaonyesha vazi lililotobolewa kwa visu. Alipomaliza, umati uliokuwa wa Brutus uligeuka kuwa wake. Sikitaji kisa hicho ili tumwige Antony katika kila jambo, maana ulimi wake uliwasha moto mjini. Nakitaja kwa sababu kinatufunza mambo mawili. Kwanza, anayemtazama msikilizaji humshinda anayeitazama hoja yake peke yake. Pili, raia asiyefunzwa kusikiliza kwa makini huchukuliwa na yeyote mwenye kipaza sauti. Nasi Wakenya, ambao kila baada ya miaka mitano hutembelewa na wenye vipaza sauti, tuna haja kubwa ya somo hilo la pili.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Mwalimu mmoja ataniuliza, "Je, tuache makosa yapite? Tuwaache waseme 'swari' hadi siku ya mwisho?" La, hasha. Mimi ni mtetezi wa Kiswahili sanifu na nitazikwa nikiwa hivyo. Lakini kila jambo lina wakati wake. Mtu akija mbio kukwambia "nyumba yako inawaka motu," humsahihishi irabu, unachukua ndoo. Mwanafunzi akisimama kuuliza, jibu swali lake kwanza. Katika kulijibu, litamke lile neno kwa usahihi, "swali lako ni zuri," nalo sikio lake litalinasa bila yeye kuaibishwa. Akiendelea kulikosea, mwite kando baada ya kipindi, mfanye mazoezi ninyi wawili. Ulimi uliozoea sauti za lugha ya mama hunyooshwa kwa kutumiwa. Ukinyamazishwa hubaki ulivyo.

Mwalimu mwingine atasema kwamba madarasa yamefurika na silabasi haingoji. Tufanye hesabu. Chukua darasa la wanafunzi 60 na kipindi cha dakika 40. Kila mwanafunzi akipewa dakika mbili za kusimama na kuzungumza, jumla ni dakika 120, yaani vipindi vitatu. Vipindi vitatu katika muhula mzima! Tukiongeza kimoja cha kuzungumzia yaliyosikika, ni vinne. Je, hatupotezi zaidi ya hivyo kwa kunakili ubaoni mifano ya hotuba ambazo hakuna atakayezitamka? Na kabla ya mwanafunzi wa kwanza kusimama, iwekwe sheria moja darasani, mwalimu mwenyewe akiwa wa kwanza kuitii: hachekwi mtu aliyesimama.

Nanyi wanafunzi wangu wapendwa, nawaachia machache niliyoyanunua kwa bei ghali. Usiandike hotuba yako yote ukaibeba jukwaani. Andika vidokezo vitano au sita kwenye kipande kigumu cha karatasi kisichotetemeka. Jizoeze kwa sauti, si kimoyomoyo, kwa maana sentensi inayopendeza machoni huweza kuukaba ulimi. Ijue kwa moyo sentensi yako ya kwanza na ya mwisho, kwani hapo ndipo hofu hushambulia zaidi. Salamu ziwe fupi. Mtafute mtu mmoja anayekutazama kwa wema, uzungumze naye, kisha mtafute mwingine. Ukisahau, nyamaza kidogo. Kimya cha pumzi mbili kwako ni mwaka, kwa hadhira si kitu. Na zaidi ya yote, ukiwa umeketi na mwenzako amesimama, kumbuka kwamba wewe ndiwe hadhira yake, na kwamba sauti yake inaishi au inakufa mikononi mwako.

Mwaka uliofuata, 2024, nilialikwa tena, katika shule nyingine. Nilitaka kukataa. Mke wangu akaniuliza kama nitakwenda na karatasi 14. Nilikwenda na nusu ukurasa. Msidhani kwamba nilikuwa shujaa. Magoti yalitetemeka vile vile na kinywa kilikauka vile vile, na katikati nilisahau hoja yangu ya tatu, ambayo sijaikumbuka hadi leo. Lakini nilianzia chini, mbele ya mabenchi, na nikaanza kwa maswali badala ya kuyaacha mwisho. Niliomba yasiandikwe. Kwa muda mrefu hakuna aliyeinuka. Nikangoja. Mwishowe msichana mmoja alisimama akauliza, kwa sentensi iliyovunjika mara mbili njiani, kwa nini sisi walimu huwaambia watumie methali nyingi katika insha ilhali sisi wenyewe tukizungumza nao hatuzitumii. Palisikika kicheko nyuma. Nikainua mkono, kikakoma. Nikamwambia kwamba hilo ni swali ambalo sikuwahi kujiuliza, tukalijadili sote kwa dakika 15. Walioinua mikono baada yake walikuwa wengi kuliko muda tuliokuwa nao.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza yule kijana wa kwanza alitaka kuuliza nini. Huenda lilikuwa jambo dogo, kama vile anwani ya barua rasmi huandikwa upande gani. Huenda lilikuwa kubwa. Kwa hesabu yangu alifanya mtihani wake miezi michache baadaye, na sasa ni mtu mzima mahali fulani katika nchi hii, anafanya kazi au anaitafuta, na pengine katika mkutano wa kijiji au wa chama ana jambo la kusema lakini anaketi kimya. Ikiwa hivyo ndivyo, mimi nina sehemu yangu katika kimya hicho.

Kijana wangu, ikiwa gazeti hili litakufikia, nakuomba radhi mbele ya watu, kwa kuwa mbele ya watu ndipo nilipokukosea. Swali lako bado ninalidai. Uliulize kwa matamshi yoyote yale. Safari hii nitalisikiliza hadi mwisho.